Bei Yangu na Bei ya Jirani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwaka ule hasira zangu zote zilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilikuwa na duka dogo la kompyuta hapo Bomet, kisha mama mmoja aliyetoka upande wa ziwa akaja kufungua la kwake mbele yangu. Sote tuliuza mashine za alama za vidole, zile ndogo unawekea kidole, taa inawaka kijani, basi umetambulika. Zilitoka kiwanda kimoja na boksi zake zilifanana hadi gundi.

Kikundi cha maziwa cha kwetu Sosiot kilitaka mashine ishirini, moja kwa kila kituo cha kupokea maziwa, ya kumtambua mwanachama akileta yake. Duka langu lilikuwa linapumua kwa shida. Nikikosa oda ile nafunga, narudi kwa mama kuchuma chai, na mimi chai naipenda ikiwa kwa kikombe tu.

Basi tukaanza. Niliandika kwa ubao wa nje: elfu kumi na mbili. Kabla sijapangusa chaki mikononi, jirani ameandika elfu kumi na moja na mia tisa. Nikashusha, naye akashusha. Nikaongeza waya wa bure. Yeye akaongeza waya pamoja na kitambaa cha kufuma cha kufunikia mashine, ati isiingie vumbi. Mimi nikaongeza mwavuli. Usiniulize mwavuli na alama za vidole vinahusiana wapi. Nilimtuma binamu yangu akapeleleze, akarudi ameshiba chapati, ananiambia yule mama ni mtu mzuri sana. Sikumsemesha siku mbili.

Kufikia siku ya kuonyesha mashine, sote tulikuwa tumeshuka chini ya bei tuliyonunulia, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupata akili.

Kamati ilikaa kwa uwanja wa kanisa. Mwenyekiti akasema bei zetu zimekuwa sawa, kwa hivyo wataangalia kazi. Watanunua mashine itakayoweza kusoma alama za mwanachama mwenye vidole vya kusumbua kuliko wote. Kisha akamwita mama yangu. Mama amechuma chai tangu kabla sijazaliwa, na vidole vyake vimelika vikabaki laini, vyeusi kwa utomvu. Lakini ni mama yangu, nitashindwaje? Nilianza kupiga hesabu ya kununua viti vipya vya duka.

Nilitangulia mimi. Nikamshika kidole gumba, nikakiweka. Taa nyekundu. Nikakipangusa kwa shati langu, nyekundu tena. Nikajaribu kile kinachofuata, nikakipaka mafuta, nikakipulizia pumzi, nikakikandamiza mpaka mama akanitazama vile alivyonitazama siku niliyovunja kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya kugandisha. Watu walikuwa wameshaanza kucheka. Mwenyekiti akaniambia nimwachie mama mkono wake.

Jirani hakugusa mkono wa mtu. Alichuchumaa mbele ya mama, akamuuliza polepole, "Mama, ni kidole gani hukitumii sana kuchuma chai?"

Mama akafikiri kidogo, akatoa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kijani. Wazee wakapiga makofi. Mama alifurahi hata akaomba kurudia, akarudia mara nne, akicheka kila taa ikiwaka. Na ile mashine ilikuwa ndugu kabisa wa yangu. Oda ikaenda ng'ambo ya barabara.

Haki ya Mungu nilikasirika. Tulipokuwa tunapanda njia ya nyumbani nilimuuliza mama kwa nini hakunipa kidole hicho, na aliniona nilivyohangaika, na alijua duka linakufa.

Alisimama kwanza apumzike.

"Nilidhani unajua," akasema. "Si ni hii mikono imekulea?"