Chai ya Saido kwa Mfunga Sola

Jua la Birmingham ni haba, na hilo haba lililoangukia paa la Saido lilikuwa mali ya mtu mwingine.

Tarlochan ndiye aliyemfungia paneli za sola. Alimsalimu dukani kwa Kiswahili cha Kisumu alikolelewa, naye Saido, mpishi wa shule aliyelelewa Garissa, akalegea. Mtu akikuita dada ugenini, husomi karatasi zake. Umeme wa mchana ukawa wake bure, kama alivyoahidiwa. Kuhusu ruzuku ya serikali kwa wenye paneli, Tarlochan alinyamaza. Saido aliijua siku jirani yake mmoja aliposema yake imeingia benki. Ya Saido, kwa sahihi yake mwenyewe, ingeingia kwa Tarlochan miaka ishirini.

Alimpigia simu. “Dada, kwani hukusoma?” akacheka.

Saido hakumtukana. Alikaa na kicheko kile kama jino bovu.

Kisha serikali ikatangaza kwamba mwisho wa Machi 2019 mlango wa ruzuku utafungwa kwa waombaji wapya. Tarlochan akarudi Bordesley Green, mtaani kwa Saido, akisaka mapaa. Saido akamwita nyumbani, akamkutanisha na wanawake wa chama chake cha akiba, wote wenye nyumba zao.

“Karibu, kaka,” wakasema. “Kunywa chai kwanza.”

Akanywa, akala sambusa, akaona mapaa yote yale ni yake. Akakopa paneli, akajaza stoo. Kila alipokuja kufunga, huyu mumewe amesafiri, yule ana matanga, mwenzao Batula anasubiri mwanawe ampe ushauri. Sambusa hazikukosekana. Angekumbuka malezi ya Kisumu angejua: anayelishwa bila kujibiwa, amekwisha kujibiwa.

Siku ya mwisho alikuja akihema.

“Dada, saini tu. Mafundi wako kwenye gari.”

“Siku hizi twasoma kwanza, kaka,” Saido akasema, akimmiminia. “Tena mimi nasoma polepole.”

“Na miwani yangu sijui iko wapi,” Batula akasema. Miwani ilikuwa puani.

“Nimekopa, dada. Stoo imejaa.”

“Kunywa chai, inapoa.”

Hakunywa. Alitoka, akasimama barabarani, na jua likachomoza mawinguni ghafla. Juu ya paa, paneli ziliendelea kumchumia Tarlochan, na Saido alilijua hilo. Ila hiyo ndiyo mara ya kwanza alipopenda kuziona ziking'aa. Akakichukua kikombe alichokiacha Tarlochan, akanywa mwenyewe mpaka chini.