Kiwanja Alichokitaka Mwadi

Nilinunua kiwanja kwa dakika nne, huku nasonga bukari, ugali wetu. Udongo wake sikuwa nimeukanyaga hata mara moja.

Msinicheke bado.

Mwaka ule sisi wa mtaa wa Kasulo tulitakiwa kuhama. Watu walikuwa wamechimba kobalti mpaka chini ya vitanda vyao, nyumba zikaanza kudidimia. Tukapewa fidia, tukaambiwa tuondoke.

Fidia yenyewe ilitosha paa moja tu. Ukikosea, wanao wanalala nje.

Viwanja tulivitafuta kwenye grupu la WhatsApp. Djafari, muuzaji, anaweka picha. Wa kwanza kuandika "nakamata" ndiye mwenyewe.

Sasa, nilikuwa na jirani anaitwa Mwadi. Yule mama alinikera roho, sifichi. Pagne mpya ya kitenge kila Jumapili, mume asiyelewa. Alichogusa kilinyooka.

Siku hiyo Djafari akaweka kiwanja cha njia ya Mutshatsha. Mwadi akaandika: "Hiyo minaiwaza. Kesho nitakuya kuiona."

Wivu ukanipanda. Mume wa Mwadi ni mchimbaji, ameona nini kwenye udongo ule? Mawe ya kobalti, hakuna kingine.

Nikaacha mwiko, nikaandika: "Nakamata."

Djafari akanipigia. "Mama Mamie, kuya kwanza uangalie."

"Hapana, tata. Minatuma makuta sasa hivi." Nikamtumia pesa kwa simu.

Mume wangu Gracien alikuwa safarini Sandoa. Sikumuuliza. Ningemuuliza, Mwadi angenipita.

Tukajenga, tukahamia Septemba. Novemba mvua ikaanza, maji yakatufika magotini. Mawe hatukupata, tulipata vyura. Gracien hakunigombeza. Alikaa juu ya meza na watoto akanitazama tu, na hilo liliniuma zaidi.

Nikamfuata Mwadi. "Ulijua kama kule kunajaa maji?"

Akashangaa. "Mi nijue wapi? Nilionaka umetuma kidole gumba kwa ile picha. Nikasema, Mamie ana macho, lazima kuko mawe."



Kidole gumba mimi nilikituma kwenye kila tangazo. Mapazia, sufuria, chochote, ili Mwadi ajue nami nina uwezo.

Kumbe tulikuwa tunachunguliana sisi wawili, na kiwanja hakuna aliyekitazama. Wivu haujui kununua, ndugu zangu, unajua kunyang'anya tu. Kabla hujaandika "nakamata", nenda ukakanyage.

Mwadi alipata kwake kule mlimani, pakavu. Na bado roho inaniuma.