Vidole Viwili Juu ya Boneti

Dishon Oluoch alikaa Amerika miaka kumi na minane na hakusema uongo hata siku moja. Hili alijikumbusha kila alipokosa usingizi, na alikosa usingizi mara nyingi. Mwaka wake wa tatu huko, mama yake alimuuliza kwa simu kama sasa anaendesha gari. Alijibu, "Huku, Mama, kila mtu anaendesha gari." Ilikuwa kweli. Kwamba aliyasema hayo akiwa kituoni, akingoja basi la kumpeleka kwenye makao ya wazee alikofanya kazi ya kuogesha na kulisha, hilo hakuulizwa.

Ndiyo ilivyokuwa tabia yake. Aliacha mlango wazi tu. Watu waliingia wenyewe na kukaa walipotaka.

Mwaka wa tano alituma picha. Amesimama nje ya kanisa, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu, kando ya gari jekundu. Gari lilikuwa la Charity, muuguzi kutoka Nyeri aliyefanya naye kazi, na Charity ndiye aliyempiga picha. Nyuma ya picha Dishon hakuandika chochote. Ilifika kwao, nje kidogo ya mji wa Bondo, ikatiwa fremu, ikatundikwa kati ya kalenda ya kanisa na picha ya marehemu baba yake. Tangu siku hiyo Mama Perez alikuwa mama wa mtu mwenye gari, na katika kikundi cha akina mama wa kanisa hakuna aliyemwambia asogee kwenye benchi.

Dishon alijaribu kuendesha mara moja tu. Charity alimpa ufunguo katika uwanja mtupu wa kuegesha magari, naye akaenda moja kwa moja hadi kwenye pipa la taka. Pipa halikuumia. Charity alicheka, akamwambia ajaribu tena, yeye akasema kesho. Kesho hiyo ilichukua miaka kumi na mitatu.

Aliporudi nyumbani akiwa na miaka hamsini na minne, alipanga nyumba Mamboleo, mjini Kisumu, akaagiza gari kutoka Japani. Dogo, la kijivu, limetumika. Dereva wa kukodi alilitoa Mombasa akaliegesha nyuma ya nyumba, na Dishon akalifunika turubai. Gari lilikuwa limetembea kilomita elfu tisini. Mwenye gari alikuwa ametembea mita arobaini, mpaka kwenye pipa.

Usajili haukumsumbua, kwa kuwa usajili ni kazi ya kukaa. Alikaa. Alijaza fomu, akapiga foleni, akatafuta karatasi ya bandari, akaambiwa si hiyo, akaleta hiyo nyingine. Mama yake alipouliza gari litafika lini nyumbani, alikuwa na jibu safi kabisa: logibuku, ile hati ya umiliki, haijatoka. Kwao gari jipya halibebi mtu baki kabla halijaingia boma la wazazi, mwenye gari akiwa kwenye usukani, na mama ndiye wa kwanza kukaa kiti cha mbele. Kwa wiki saba serikali ilibeba lawama za Dishon na haikulalamika. Kisha logibuku ikatoka, ina jina lake lote, na namba zikafungwa mbele na nyuma. Mama yake alipopiga simu alimwambia, "Unajua mambo ya serikali, Mama." Mama alikuwa anajua.

Ikabaki leseni. Alikwenda saiba, duka la intaneti la pale njia panda, kwa msichana anayeitwa Shantel, ambaye alishika kipanya kabla mteja hajakaa.

"Mzee umetoka Amerika, si ndiyo? Basi hii ni rahisi. Tunabadilisha tu ile ya huko." Alikuwa ameshaweka alama. "Nipe namba ya leseni yako."

Dishon alisema kitu.

"Sema kwa nguvu, Mzee. Feni ina kelele."

"Sina."

Watu watatu waliokuwa wanangoja kuchapisha waliinua macho. Shantel akageuka na kiti chake.

"Hauna hapa, ama hauna kabisa?"

"Ni hadithi ndefu."

"Sawa. Hii fomu haina nafasi ya hadithi." Akafuta ile alama. "Tunaanza na ya wanafunzi."

Shule ya udereva ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbolea. Mwalimu aliitwa Hiram Njuguna, mtu wa Murang'a aliyeingia Kisumu kuuza viazi na kubaki kufundisha watu gia. Hakuwahi kupandisha sauti. Alisema mambo ya kutisha kama anayesoma bei za unga. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja. Kumi kati yao walikuwa wamezaliwa Dishon akiwa tayari mtu mzima.

Katikati ya chumba palikuwa na bodi. Kila aliyesoma udereva Kenya anaijua: meza pana iliyochorwa mji mzima, barabara, vivuko, raundabauti, na magari ya kuchezea yanayosukumwa kwa kidole. Mtahini atakuja, ataonyesha mahali, atasema nitoe hapa unipeleke pale. Ukikosea kwenye meza, huoni barabara.

"Mzee Oluoch," Njuguna akasema siku ya pili. "Nipeleke hospitali."

Dishon aliinama, akashika kigari cha manjano, akakiingiza barabarani. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ametazama barabara kupitia dirisha la basi, naye alizijua kama mtu anavyojua wimbo asioweza kuuimba. Alikwenda upande wa kulia. Akaingia raundabauti kwa kulia, akaizunguka kinyumenyume, akafika hospitali amekutana uso kwa uso na magari yote ya mjini.

Wanafunzi waliinamia bodi. Kisha Sheryl, binti wa miaka kumi na tisa ambaye mama yake anauza mitumba sokoni Kibuye, akasema polepole, "Angalau amewafikisha hospitali."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Njuguna hakucheka.

"Msimcheke Mzee. Hawa wa Amerika ndio wanatusumbua. Mtu ameendesha huko miaka ishirini, mkono umezoea kulia. Kusahau ni kugumu kuliko kujifunza. Si ndiyo, Mzee?"

Mlango ulikuwa wazi tena. Dishon alitazama kile kigari, akakirudisha mahali pake.

"Kusahau ni kugumu," akasema.

Hata hilo lilikuwa kweli.

Alijifunza. Kwa miezi miwili alizima gari mbele ya pikipiki, mbele ya mikokoteni, mara moja mbele ya maandamano ya harusi ambayo yalimpigia makofi. Njuguna alimfundishia kwenye gari la Dishon mwenyewe, wakiwa wamelibandika zile herufi L nyekundu za mwanafunzi, moja mbele, moja nyuma. Nani alikaa pembeni yake, mama hakuuliza. Mtihani ukapangwa Jumanne. Ijumaa iliyotangulia, simu ya mama ikalia.

"Okinyi amepita hapo kwako," Mama Perez akasema. Okinyi alikuwa binamu, mtu wa kupita kwa watu. "Anasema gari lina namba."

"Mama, mambo ya—"

"Serikali nimeisikia. Kesho mchungaji anakuja kuombea gari. Nimeshamwambia, na akina mama wanapika. Wewe uje tu."

Akakata. Hakuwa mtu wa kuaga kwenye simu, aliona ni kupoteza maneno.

Dishon alikwenda kwa Njuguna asubuhi na mapema. Mwenye leseni ya kujifunzia haendeshi bila mwalimu pembeni, na pembeni ndipo pa mama. Alimweleza: waende pamoja, wafike Ndori, karibu na Bondo, wasimame kidogo, watoe zile L, Njuguna ahamie kiti cha nyuma, na nyumbani awe rafiki tu aliyesindikiza.

Njuguna alisikiliza akikoroga chai.

"Kusindikiza nitasindikiza. Bondo sijaenda siku nyingi," akasema. "Lakini L zikitoka, na mimi natoka nazo. Utanipata hapo Ndori nikingoja gari la kurudi."

"Ni dakika kumi tu, Mwalimu."

"Mtu hugongwa kwa dakika moja."

Basi walikwenda hivyo. Dishon alishika usukani kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Pale Kisian wakapinda kushoto, ziwa likawa upande wa pili wa mashamba, na kila aliyewapita aligeuka kuangalia mzee mwenye mvi na herufi nyekundu. Walipofika Ndori, Dishon alipunguza mwendo. Akatazama ukingo wa barabara, akamtazama Njuguna. Njuguna alikuwa anatazama mbele. Dishon akaongeza mwendo.

Boma lilikuwa limejaa. Kulikuwa na viti vya kanisa na mchungaji mwenye Biblia kwapani, na akina mama wakaanza wimbo gari lilipoonekana kwenye lango. Dishon aliingia kwa gia ya kwanza, taratibu, na kwa mara ya kwanza katika miezi miwili hakuzima. Vigelegele. Kisha Okinyi akazunguka gari, akarudi mbele, akainama.

"Omera, ndugu yangu, hizi L ni za nini? Si hizi ni za mtu asiyejua?"

Wimbo ukapungua sauti. Dishon alifungua mdomo, lakini Njuguna alikuwa ameshashuka na kujinyoosha mgongo.

"Ni kwa ajili ya Amerika," akasema, kwa sauti yake ya bei za unga. "Huko wanaendesha kulia. Mtu kama huyu aliyezoea magari ya huko, lazima aanze upya. Ndiyo sheria."

"Aaa," Okinyi akasema, na neno likapita kiti hadi kiti. Mchungaji aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Mzee mmoja alieleza mwenzake kwamba Amerika hata maji hujizungusha upande mwingine. Wimbo ukarudi juu.

Maombi yalikuwa marefu. Yalipokwisha, Mama Perez alikwenda upande wa kushoto, akangoja afunguliwe, akaketi kiti cha mbele na kuweka mkoba magotini. Dishon akaingia upande wake. Mama akafunga mlango. Nje watu walitabasamu wakiwatazama kupitia kioo, kama watu wanaotazama samaki.

"Liko safi," mama akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Hili ni lako."

"Ni langu. Jina langu liko kwenye logibuku, nimekuja nayo."

"Sijauliza logibuku." Alipapasa kiti kwa kiganja. "Baba yako aliponunua fahali soko la Akala, alirudi naye amemwekea mkono wote shingoni. Hata mtu asiyemjua angejua ni wake. Wewe kwenye ile picha ulishika gari kwa vidole viwili. Hivi." Akagusa dashibodi kwa ncha za vidole. "Mtu hashiki mali yake hivyo, wuoda, mwanangu. Anashika hivyo kitu anachoogopa kitamkana."

Joto lilimpanda Dishon kutoka shingoni hadi masikioni. Alitazama usukani.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku nilipoitia fremu."

"Na ukaitundika."

"Nikaitundika." Mama alitazama nje, kwenye benchi la akina mama. "Walikuwa wamezoea kuniambia nisogee."

Dishon alitaka kusema kuhusu basi, kuhusu pipa, kuhusu wazee wa watu aliowaogesha wakimwita kwa majina ya watoto wao. Akaona mama hasubiri lolote kati ya hayo. Akafungua mlango, akashuka, akasimama mbele ya viti.

"Ndugu zangu," akasema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Ndugu zangu. Amerika sikuwahi kuendesha gari. Hata siku moja. Nilikuwa napanda basi. Lile gari jekundu la kwenye picha ni la mwanamke mmoja tuliyefanya naye kazi. Hii L ni yangu. Ni kwa sababu sijui."

Okinyi alitazama zile L, akamtazama mchungaji. Kisha mchungaji akaanza kucheka, kwa upole, na Okinyi akafuata, na boma lote likacheka kicheko kizuri cha watu walioshiba.

"Mnaona?" mchungaji akasema. "Huyu amekaa ng'ambo miaka yote hiyo na bado ni mnyenyekevu. Wengine wakipata baiskeli tu, hatulali."

"Basi," Okinyi akasema, akijifuta macho. "Omera anapanda basi."

Dishon alitazama uso mmoja baada ya mwingine. Ule mlango aliouacha wazi miaka yote, alikuwa ameufunga kwa mkono wake mwenyewe, na wao walikuwa tayari ndani, wamekaa, wanaletewa soda. Njuguna peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na sahani ya samaki, akimtazama mwanafunzi wake kama mtu aliyepewa jibu la swali la miezi miwili iliyopita, na hapo Dishon akaona haya kuliko wakati wowote. Kisha mwalimu akarudi kwa samaki wake.

Mama Perez alikuwa ameshuka. Alimpa Njuguna simu.

"Mwalimu, tupige picha. Yeye na gari. Hizo L zionekane."

"Zitaonekana, Mama."

Dishon akasimama kando ya boneti, mahali alipojua kusimama. Akanyoosha mkono. Njuguna akainua simu, akangoja, akaishusha.

Vidole viwili.

"Mkono wote," mama akasema, si kwa sauti kubwa.

Alifungua kiganja, akakilaza. Bati lilikuwa bado na moto wa safari, moto wa injini pamoja na wa jua la saa sita, ukampanda hadi kwenye kiwiko. Njuguna alikuwa anatafuta mahali pa kubonyeza. Simu haikuwa yake. Okinyi alimwambia abonyeze kati. Akina mama walimwambia Dishon atabasamu.

Hakutabasamu. Lakini mkono hakuutoa.