Barafu ya Ntalali

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Tabora miaka ya Ujamaa, baridi haikuwa kitu cha kukaa ndani ya nyumba. Ilikuja yenyewe alfajiri za kiangazi, ikatutetemesha njiani kwenda shule, na jua likipanda ikaondoka. Maji ya mtungi ndiyo yaliyokuwa maji baridi, nasi tuliyasifia. Kwa hiyo siku mama yangu alipoleta friji nyumbani kwetu Mtendeni, watu walikuja kulitazama kama wanavyokuja kumtazama bibi harusi.

Lilikuwa friji la mafuta ya taa. Mzungu mmoja wa reli alikuwa anarudi kwao, na mama, aliyekuwa akimfulia nguo, akaachiwa. Kwa chini lilikuwa na utambi unaowaka, na hilo ndilo lililowashinda watu wa mtaani: moto chini, barafu juu. Mzee jirani yetu alipiga magoti akachungulia ule moto, akasimama akagusa barafu, akainama tena kuchungulia. Kisha akaenda zake bila kuaga.

Baba alikuwa fundi bati, mtu wa maneno machache. "Mafuta yenyewe tunayapangia foleni," alimwambia mama. "Wewe unataka kuyachoma mchana?"

Mama aliingia jikoni. Alikamua maembe, akatia chumvi kidogo na pilipili manga, akagandisha kwenye vikombe vya chai, kila kimoja na kijiti chake cha mwanzi. Baba alilamba barafu yake akiwa amesimama mlangoni, akaimaliza, akaenda kazini. Jioni alirudi na vikopo vyembamba alivyovikunja kutoka mabaki ya bati, vimepangwa safu na kulehemiwa visivuje. Aliviweka mezani, akaomba maji ya kuoga.

Tangu hapo jiko letu likawa na harufu tofauti kila juma. Ukwaju na tangawizi. Chungwa na nanaa, kwa kuwa jirani yetu Mwarabu alikuwa nayo uani. Ndimu na mchaichai. Papai lilimshinda mama, likatoka kama sabuni. Siku moja alizidisha karafuu, midomo yetu ikafa ganzi, tukashinda tunaongea kama watu waliotoka kung'olewa meno. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa nanasi, ukwaju, tangawizi na mchaichai kwa pamoja, na mama aliiita Harusi, kwa sababu hakuna asiyealikwa. Vijana wa leo wakiletewa glasi yenye jani moja la nanaa hotelini, wanaipiga picha kwanza. Sisi tuliilamba nanaa mpaka tukaikinai, wala hatukujua kwamba tumestaarabika.

Halafu sukari ikaadimika. Mama akageukia asali, maana Tabora asali haikukosekana. Lakini asali ni kaidi. Ukiizidisha haigandi, inabaki laini, na ukiivuta unabaki na kijiti. Mama alimwaga na kurudia, akapunguza asali, akaongeza maji, mpaka akaipatia.

Wakati huo ndipo Mama Monika alipokuja. Monika alikuwa rafiki yangu shuleni, wao wakikaa Cheyo. Walikuwa Wakatoliki, sisi Waislamu, na kila Idi na kila Krismasi sahani zilitembea baina ya nyumba zetu. Siku hiyo Mama Monika alikaa kwenye mkeka bila kuvua khanga yake ya kutokea.

"Mama Zuhura, mama yangu hali chakula," alisema.

Bibi yake Monika alikuwa mkulima upande wa Igalula. Watu wa kule walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara. Bibi aliacha shamba, kaburi la mumewe, na miti ya mintalali aliyoikuta na kuitunza tangu alipoolewa. Ntalali ni tunda dogo jeusi la porini, tamu, lenye harufu nzito. Alipofika kijijini aliugua homa, mdomo ukajaa vidonda, na hata homa ilipoisha aliendelea kukataa chakula. Uji alidai unamchoma. Maji alikunywa kidogo, akageukia ukutani.

"Mdogo wangu amerudi kule kwenye mahame yetu," alisema Mama Monika, akifungua kifurushi. "Ameziokota chini ya miti ya mama. Kuzitafuna hawezi. Nikafikiria barafu yako."

Mama alizichukua ntalali kwa mikono miwili. Waliziponda, wakazichuja, maji yakatoka meusi. Mama alinyoosha mkono kwenye nanaa.

"Usitie kitu," Mama Monika alisema taratibu. "Asali kidogo tu. Namtaka ajue anachokula."

Asubuhi baba alileta debe lenye mfuniko. Tuliweka pumba za mpunga chini, vile vikopo vikakaa katikati vimefungwa kwa gunia, na pumba tena juu. Tukapanda treni sisi wanne, mama zetu wawili na Monika na mimi, debe likiwa mapajani mwa mama kama mtoto mchanga.

Igalula si mbali. Lakini treni ilisimama porini, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Jua lilipanda. Watu walishuka, wakakaa kwenye vivuli, mama hakushuka. Aliogopa kulisogeza debe juani. Baada ya muda nikaona tone jeusi likichuruzika kwenye khanga yake. Monika naye aliliona, akaanza kulia bila sauti. Mama Monika alitazama nje ya dirisha.

"Turudi tu, dada," alisema. "Tutakuwa tunampelekea maji tu."

"Kwani treni ikirudi nyuma itafika haraka?" mama akamjibu. Akavua mtandio wake, akaulowesha kwa maji ya kunywa, akalifunika debe.

Tulifika mchana umeshakolea. Bibi alikuwa amelala kwenye chumba kilichonuka udongo mbichi. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia marahaba kwa midomo tu. Mama alifungua debe. Karibu kila kikopo kilikuwa maji, ila kwenye vile vya katikati, vilivyozungukwa na vingine pande zote, palibaki barafu inayotikisika. Mama Monika alimnyanyua mama yake, akamwekea ile barafu mdomoni.

Bibi aliinyonya. Akafumba macho, nasi tukadhani inamuuma. Kisha akauliza kwa Kinyamwezi, na sauti yake ilikuwa kali kuliko nilivyotegemea, "Nani amekwenda kwangu?"

"Mwanao wa kiume, mama."

"Miti imesimama?"

"Imesimama."

Hapo ndipo alipolia. Alilia na barafu mdomoni, akaimaliza, akadai na yale maji yaliyoyeyuka. Jioni alikunywa uji nusu bakuli. Aliishi miaka mingine kadhaa katika kijiji kile, akilima na kuvuna, ingawa mpaka anakufa hakuwahi kukiita kwake.

Tukapanda treni ya kurudi. Tulipokaribia Tabora aliniegemea kichwa, kitu ambacho hakuwa akikifanya, akasema, "Nilikuwa na hakika nitakuta maji matupu."

Leo mama hayupo, na baridi imejaa kila mahali. Kila duka lina friza, na barafu ya rangi nyekundu inauzwa kwenye mfuko wa nailoni, haina tunda lolote ndani. Sisemi wajukuu wangu hawajui kitu. Mwezi uliopita walijifunza kwenye simu, wakanitengenezea barafu za vijiti za nanasi na nanaa na maua fulani ya kuliwa, zikapendeza hata kuzitazama. Walizipiga picha, wakaziweka mezani, wakarudi kwenye simu zao. Zao zikawa zinayeyuka kwenye sahani na hakuna aliyeshtuka.

Mimi yangu niliila haraka, nimekinga kiganja chini, nakilamba na kiganja. Mjukuu wangu mdogo akacheka.

"Bibi, taratibu. Mbona ziko nyingi."

Nikamwambia naziona. Lakini mkono sikuuondoa.