Mfuko wa Mwisho wa Batula

Batula hakuwa mtu wa kukaa. Katika wodi ya wazazi ya hospitali moja kubwa ya Birmingham, alikofanya kazi miaka kumi na moja, viti vilikuwepo, tena vya kutosha, lakini hakuna mfanyakazi aliyeweza kuapa kwamba amewahi kumwona juu ya kimojawapo. Chai aliinywa akitembea. Simu aliipokea akipanda ngazi. Wenzake walimtania kwamba siku akipatikana ameketi, wampime mapigo ya moyo.

Kazi yake ilikuwa kukusanya damu ya kitovu. Mtoto akishazaliwa, kitovu kikishakatwa na kondo la nyuma likishatoka, mkunga hulileta kwa beseni kwenye kachumba kadogo jirani na chumba cha kuzalia. Hapo Batula hulitundika, huchoma sindano kwenye mshipa wa kitovu, na damu iliyobaki hushuka yenyewe mfukoni. Mfuko hupimwa na kutiwa kwenye sanduku la baridi, na saa kumi jioni gari huja kuuchukua. Ukiwa umejaa vya kutosha hugandishwa katika benki ya umma, umngoje mgonjwa yeyote mwenye maradhi ya damu ambaye hana ndugu mwenye chembe za damu za kufanana na zake. Hauandikwi jina la mwenyewe. Ni wa yule utakayemfaa.

Kabla ya hapo alikuwa mfagiaji wa wodi hiyohiyo. Kaka yake Sugow alipougua saratani ya damu, madaktari walimtafutia mtu wa kufanana naye katika orodha za nchi hii na za ng'ambo, wakarudi mikono mitupu. Wasomali walikuwa wachache mno humo. Sugow alifariki akiwa na miaka thelathini na minne. Siku za tanzia zilipokwisha, Batula alirudi kusukuma mapipa ya manjano yenye makondo, yakachomwe, na ndipo mkunga mmoja, Paramjit wa Handsworth, alipomweleza kwamba kile walichomtafutia kaka yake kimo pia ndani ya makondo yale. Damu ya aina hiyo alikuwa akiipeleka motoni kwa mikono yake mwenyewe! Aliliacha pipa katikati ya ukumbi, akalia kwa hasira mpaka akaitwa na msimamizi. Tangu siku hiyo miguu yake haikutulia.

Alisomea kazi, akafaulu, akaanza kuwafuata akina mama wa Sparkhill na Hodge Hill kliniki, msikitini na kanisani. Wengi walimwogopa. Lucie, Mkongomani aliyekuja kutoka Bukavu, alimwuliza bila kuzunguka, "Mama, mutakamula mutoto yangu damu?"

Batula alimjibu alivyowajibu wote. "Mtoto kwanza. Kitovu kitaachwa kipige mpaka mkunga mwenyewe aseme basi. Sisi tunaokota kilichobaki. Siku utakayonisikia nikimharakisha mkunga hata kwa sekunde moja, nifukuze chumbani."

Lucie alitia sahihi, na mwaka uliofuata akamleta wifi yake.

Mwezi wa pili mwaka huu ikaja barua. Serikali, ikiisha kumshukuru kila mtu hadi dereva wa gari, ilisema fedha za kukusanya damu zitakoma tarehe thelathini na moja ya mwezi wa tatu. Mifuko iliyokwisha kugandishwa itatunzwa, mipya haitapokelewa. Ndivyo mabwana wakubwa wanavyofunga mlango, wanakusifu kwanza ili usisikie komeo. Batula aliisoma amesimama, akaisoma tena akishuka ngazi, kisha akahesabu kwa vidole. Binti yake Iqra, mimba yake ya kwanza, alikuwa ametabiriwa kujifungua tarehe mbili ya mwezi wa nne.

Siku mbili tu! Mtu aliyeomba damu ya watoto wa watu miaka yote hiyo, leo damu ya mjukuu wake ipotee kwa siku mbili? Jambo hilo likamkaa rohoni. Kuanzia wiki ya mwisho alimtembeza Iqra Stratford Road yote, kutoka maduka ya nguo hadi mabucha, wakirudi anamlisha tende, wakifika nyumbani anampandisha ngazi. Nyumbani kwa Batula Kisomali kilikuwa cha kugombana na Kiswahili cha kupatana, kwa kuwa yeye alikulia Isiolo na hakuacha ya Isiolo. Kwa hiyo Iqra alipoishiwa na pumzi mbele ya duka la maharusi, alichagua Kiswahili kwa makusudi, akabakiza tu Hooyo, yaani mama.

"Hooyo, seriously, unataka mjukuu ama unataka mfuko?"

"Vyote viwili," Batula akajibu, wala hakuona haya.

Ama tende zilifanya kazi, ama Mungu alimhurumia Iqra na zile ngazi. Uchungu ulianza alfajiri ya tarehe thelathini na moja. Mumewe, Abdirizak, dereva wa lori, alikuwa bado njiani kutoka Scotland, kwa hiyo Batula aliomba ruhusa kazini akaingia chumba cha kuzalia kama mama wa mzazi. Katika kachumba ka mizani alimwacha mwenzake Cleopas, mwanamume mpole wa Kakamega ambaye hajawahi kuharakishwa na chochote duniani.

Saa nane ikapita, na saa tisa ikapita. Batula alimpangusa Iqra jasho, akatazama saa ya ukutani, akampangusa tena mahali palipokwisha kukauka. Alitoka mlangoni mara sita, na mara zote sita Cleopas alimwonyesha beseni, sindano na mfuko mtupu, kwamba kila kitu kiko tayari. Mara ya saba Cleopas mwenyewe ndiye aliyechungulia.

"Mama Iqra, dereva wa gari la damu ameshafika. Anasema saa kumi ni saa kumi."

Mtoto alizaliwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Alikuwa msichana, rangi yake imepauka, amekunja uso. Paramjit alimlaza kifuani kwa mama yake, akashika kitovu kwa vidole viwili.

"Bado kinapiga," alisema. "Tusubiri."

Batula alitazama saa. Alikiona kitovu kile kinene, cha buluu, kimejaa, na akajua kwa uzoefu wake kwamba kila pigo lilikuwa linamrudishia mtoto damu na kupunguza mfuko. Alimwona Sugow kitandani. Kisha akasikia sauti, na sauti ilikuwa yake mwenyewe, tena kwa Kiingereza ili asieleweke vibaya.

"Kata, Paramjit. Kata sasa."

Paramjit aligeuza shingo taratibu.

"Umesema nini, Batula?"

Paramjit alimtazama kidogo zaidi, kisha akarudisha macho yake kwenye vidole vyake viwili na kuendelea kungoja. Ikapita dakika moja, ikapita ya pili, ikapita ya tatu. Kitovu kililegea, kikawa cheupe. Rangi ilimpanda mtoto kuanzia mashavuni, na alipolia, alilia kwa nguvu hasa. Batula alisimama palepale akiona aibu ambayo hajapata kuiona tangu azaliwe.

Kondo lilipotoka alilifuata hadi kwa Cleopas, kwa kuwa hakuweza kubaki mbele ya macho ya binti yake. Huku nyuma dereva alikuwa amekubali mwenyewe kungoja dakika ishirini, kwa heshima ya siku ya mwisho. Muda haukuwa tatizo tena. Cleopas alitundika, akachoma, damu ikashuka kidogo, ikadondoka, ikakoma. Mizani ilisema kile ambacho macho ya Batula yalikwisha kusema. Haikufika hata nusu ya kinachotakiwa.

Kitovu kingekatwa aliposema yeye, huenda mfuko ungejaa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi.

Cleopas alikuwa anamalizia kujaza fomu. Mstari wa tisa uliuliza kama kuna mtu yeyote aliyetaka kitovu kikatwe mapema kwa ajili ya damu. Batula alikuwa ametia alama kwenye "hapana" ya mstari ule zaidi ya mara elfu mbili, tena siku hizi hata hakuwa akiusoma. Cleopas naye alikwisha kutia "hapana".

"Nipe kalamu," Batula akasema.

"Mama Iqra, huu mfuko unaenda kwa pipa, na ofisi inafungwa leo. Hiyo fomu atasoma nani?"

"Nipe."

Alifuta alama ya Cleopas, akaandika "ndiyo". Pembeni akaandika: nyanya wa mtoto. Kisha, kwa kuwa maneno hayo yangeweza kumficha, akaongeza jina lake na namba yake ya kazi.

Aliporudi chumbani Paramjit alitoka bila kuambiwa. Iqra alikuwa amemfunika mtoto kwa kanga aliyokuja nayo mama yake kutoka Isiolo.

"Nilikusikia, Hooyo."

"Nilimsahau," Batula akasema. "Yuko mbele yangu, naye nikamsahau. Nisamehe."

Iqra aliikaza kanga kumzunguka mtoto. Batula alinyoosha mikono, miguu yake ikichezacheza sakafuni kama ilivyozoea.

"Kaa kwanza," Iqra akasema. "Simpi mtu aliyesimama."

Batula akavuta kiti, akakaa. Mtoto alipowekwa mikononi mwake, mikono ile iliyozoea kukisia uzito wa mfuko kabla ya mizani ilianza yenyewe kukisia. Alikuwa mzito, wa moto, mwekundu mpaka masikioni. Chini dirishani gari la saa kumi likawashwa. Batula alilisikia likirudi nyuma, likigeuka, likiondoka tupu, na miguu yake ikataka kuinuka. Hakuinuka.