Kikorea, Kiabkhazi na Ulimi wa Kaka Yangu

Kaka yangu alipigwa na kiharusi asubuhi ya Jumanne, akisahihisha karatasi za wanafunzi mezani kwetu Kithimani. Nilimkuta amelala kifudifudi juu ya meza, kalamu nyekundu imechora mstari mrefu hadi ukingoni mwa karatasi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Mimi ni mdogo wake, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, na sote wawili tulikuwa tukiishi na mama.

Alikuwa mtu wa lugha. Alipata ufadhili akasoma Korea miaka minne, na huko akakaa chumba kimoja na mwanafunzi Mwabkhazi, kutoka milima iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Akarudi na Kikorea kamili na Kiabkhazi cha kutosha kutaniana. Akaanza tasnifu ya kulinganisha hizo lugha mbili, huku akifundisha chuoni Machakos. Nilimwuliza siku moja, "Kwani zinakutana wapi?"

"Hazikutani popote," akasema. "Ndiyo maana nataka kuziona zimekaa pamoja."

Hospitalini alifumbua macho siku ya tatu, mkono wa kulia hausogei, mdomo umepinda. Mama alimsemesha kwa Kikamba. Akamtazama kama anayesikia redio ya jirani. Nikajaribu Kiswahili, nikajaribu Kiingereza. Wapi. Kisha akasema, "Mul." Na tena, "Mul."

"Hayo si maneno, dada," muuguzi akaniambia kwa upole. "Ubongo umeumia. Anatoa sauti tu."

Nilirudi nyumbani kumchukulia nguo, nikafungua daftari lake. Alikuwa amepanga safu mbili. Maji: kwa Kikorea, mul, kwa Kiabkhazi, adzy. Nilikaa kitandani pake nikalia. Kutwa nzima alikuwa na kiu, na sisi tumesimama pale tunamhurumia.

Tulipomleta nyumbani, daftari ndilo likawa mkalimani wangu. Nilijifunza kwanza kujua ni lugha ipi anayosema. Maneno yakiwa na irabu nyingi na kutulia, ni Kikorea. Yakisongamana konsonanti, yenye miluzi na mikwaruzo ya koo, ni Kiabkhazi, maana lugha hiyo ina konsonanti karibu sitini na irabu mbili tu. Zote mbili huweka kitenzi mwisho, kwa hiyo ilibidi nisubiri hadi amalize ndipo nijue anataka nini, na mara nyingi alichoka kabla ya kufika hapo.

Kitenzi cha Kikorea hakisemi nani ametenda. Kinasema unaongea na nani, na unamheshimu kiasi gani. Cha Kiabkhazi hakijali heshima, ila kinambeba kila anayehusika: kitu, aliyepewa, aliyetoa, wote wamepanga foleni mbele ya mzizi, kama vile sisi tunavyosema "nilimpa". Kando ya ukurasa huo kaka alikuwa ameandika, "Binamu wa Kiswahili asiyejua kwamba ni binamu."

Mama hakuyataka hayo. Kiabkhazi kilimtia hofu. Wiki ya pili aliwaita akina mama wa kanisa waje waombe. Walikuja sita, wakamzunguka kaka kwenye kiti, wakamwekea mikono kichwani, wakaamuru pepo atoke. Kaka alitulia kabisa. Walipomaliza, aliinamisha kichwa kidogo, akasema polepole, "Kamsahamnida."

Walimrukia tena. Waliomba kwa kelele hadi jasho likawatoka, mmoja akamtikisa mabega. Nikapiga kelele, "Amesema asante! Anawashukuru! Hiyo ni asante ya heshima!" Hakuna aliyenisikia. Kaka alikuwa analia kwa jicho moja, lile lisilopooza.

Walipoondoka, mama aliketi mlangoni, mbali na mwanawe.

"Kila asubuhi ananiita jina la ajabu," akasema. "Omma, omma. Mimi nilimzaa. Kwa nini asiniite mwaitu kwa Kikamba chetu?"

"Hiyo omma ni mama."

"Lugha ya huko ndiyo imebaki, yangu ikapotea?"

Nikaleta daftari. Nikamweleza kwamba Mkorea, hata akiwa mtoto wa pekee, husema mama yetu. Kwamba kwa Kiabkhazi neno mama hutamkwa pamoja na mwenye mama: san ni mama yangu, lan ni mama yake yule msichana. Na kwamba kaka alikuwa ameandika chini ya hayo, "Mwaitu: ndani yake mna 'yetu'. Hapa Wakamba wamesimama na Wakorea."

Mama hajui kusoma. Aliomba nimwonyeshe neno lake liko wapi pale, akaligusa kwa kidole. Kuanzia kesho yake yeye ndiye aliyemlisha uji, akiitika "ĩĩ" kila alipoitwa omma.

Nilianza kumfundisha kaka Kikamba upya, kama mtoto. Alipata maneno manne. La tano hatukulifikia. Kiharusi cha pili kilikuja mvua za Novemba zikianza, na hakikumwachia lugha yoyote. Alifariki siku mbili baadaye.

Baada ya mazishi yule rafiki wa Abkhazia, aliyekaa naye chumba kimoja Korea, alipiga simu. Hakujua. Hakuwa na Kiingereza, mimi sina Kirusi kinachotumika kwao. Nikatafuta daftarini, nikasema kwa Kikorea kibovu kwamba kaka amefariki. Kikorea kina neno lake la kufa la watu wanaoheshimiwa, maana yake amerudi. Nililitumia hilo, ingawa sijui kama dada anaruhusiwa.

Mwanamume huyo akaanza kuongea kwa lugha yake, sentensi ndefu, na sikushika hata moja.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Sielewi, mama."

"Analia?"

"Ndiyo."

Akanyoosha mkono nimpe simu. Aliiweka sikioni, akasikiliza, akitikisa kichwa taratibu, hadi laini ikakatika. Nje majirani walikuwa wanakunja turubai na kupakia viti vya kukodi.