Mwaka Sajini Alipogawiwa Sadaka

Kwetu Old Kampala, Ramadhani ilinuka petroli. Kwa watu wengine najua ilinuka sambusa, na uji wa pilipili manga, na ubani. Hata kwetu hizo harufu zilikuwepo, lakini zilipita zimeinama kama wageni waliochelewa, maana petroli ilikuwa imeshakaa kiti cha mbele. Ilikuwa kwenye mashuka, ilikuwa kwenye tende, na paka wetu ukimpapasa mgongo, kiganja kinanuka gereji mpaka kesho yake. Nilikuwa na miaka tisa, au kumi, sina cheti cha kuniumbua. Shule niliijua kwa nje tu, nikipita na sinia la maandazi kichwani, kwa hiyo haya nayatoa kichwani, si daftarini. Na kichwa changu, mtanisamehe, kina tabia ya kuongeza maji kwenye mchuzi. Lakini nyama ni ile ile.

Petroli yenyewe ilitoka kwa Sajini. Sajini alikuwa pikipiki ya Mwingereza, nyeusi, nzito kuliko viboko wawili na mtoto wao. Sisi ni Wanubi, wazee wetu waliletwa Uganda wakiwa askari, na babu yangu naye akawa polisi mpaka akazeeka ndani ya buti. Alipostaafu aliondoka na kofia yake na pikipiki hiyo, na alipokufa tukamzika yeye, pikipiki ikabaki na cheo chake. Baba yangu, Marijani, akawa anatupakia juu yake ukoo mzima. Mimi mbele, juu ya tangi, nimeshika katikati ya usukani kana kwamba mimi ndiye ninayeendesha. Kisha Baba, kisha Mama na mtoto mgongoni, na mwisho kabisa Haboba, yaani bibi yangu mzaa baba, amekaa upande na sinia la chakula limefunikwa kawa la rangi saba. Kila Jumapili tulikwenda Makindye kwa dada yake. Kwenye mlima wa huko Sajini alipanda taratibu mpaka siku moja kuku alitupita, akasimama, akageuka kututazama kwa huruma. Haraka haraka haina baraka, Haboba alikuwa akisema, na kwa kipimo hicho sisi tulikuwa watu wenye baraka kushinda Uganda nzima.

Halafu Sajini akafa. Miaka mitatu alisimama uani kavaa gunia, kuku wakitaga juu ya kiti chake kirefu. Baba alikuwa fundi wa gereji Kawempe, akitengeneza magari ya watu kutwa, na akirudi hana nguvu hata ya kuvua viatu. Mpaka siku dereva mmoja wa lori kutoka Kenya alipompa ukurasa uliochanwa kwenye gazeti la picha. Juu yake palikuwa na pikipiki iliyokonda, haina madigadi, haina masanduku, kiti cha mtu mmoja chenye kinundu nyuma, usukani mfupi umeshushwa chini, na mzungu kijana amelala kifudifudi juu ya tangi. Baba alikuja nao nyumbani ameushika kwa mikono miwili kama hati ya shamba.

Haboba aliutazama sana. "Huyu kasujudu kuelekea wapi?"

"Hajasujudu, Mama. Ndivyo wanavyokaa. Vijana wa Ulaya walikuwa wakitoka mkahawa huu mpaka mkahawa ule, kwa mashindano."

"Wanakimbilia chai?"

"Ee, kama wanakimbilia chai."

"Kwa hiyo unataka kumgeuza marehemu baba yako kuwa pikipiki ya kukimbilia chai. Na mwezi wa Ramadhani ni kesho kutwa."

Lakini Haboba hakuwa mtu wa kufunga mlango bila kuacha ufa. Alisema, vyema, Marijani, fanya. Ila asubuhi ya Idd chuma hiki kitoke kwenye ua huu kwa miguu yake. Kisipotoka, muuza vyuma chakavu anapita na mkokoteni wake, nami nitamfungulia lango mwenyewe. Alisema hivyo mbele ya majirani, na neno la Haboba likishasikika na majirani halikuwa na dawa.

Basi kila alasiri Baba alirudi mapema, mdomo mkavu kwa saumu, akakaa chini uani na kumvua Sajini kiungo kimoja kimoja. Alikata bomba la moshi. Alisogeza pa kukanyagia nyuma. Alipiga nyundo bati la pipa mpaka likawa kinundu cha kiti, akalipiga msasa, na mimi nikalipiga msasa baada yake mpaka vidole vyangu vikapoteza alama, hata leo nikiweka dole gumba kwenye karatasi hutoka doa tupu. Aliposhusha usukani nikaona mahali pangu pamekwisha. Mtu akilala juu ya tangi, mtoto anakaa wapi? Nikamwuliza. Alinitazama, uso umejaa grisi, akasema, "Wewe utakaa langoni, Zamzamu, unisikilize nikipita." Liliniingia kama mwiba wa samaki. Lakini nikifumba macho nilikuwa naona ule mkokoteni wa vyuma chakavu, na Sajini juu yake amefungwa kamba kama mwizi wa kuku. Nikaona heri Sajini asiye na nafasi yangu kuliko nafasi yangu isiyo na Sajini. Nikaendelea kusugua.

Kumi la mwisho, Baba alikuwa amemaliza kusafisha kila kitu. Akatandika jamvi, akapanga vyombo vyote juu yake kwa safu: tangi, kabureta, cheni, pamoja na vile asivyovitaka tena, madigadi na kiti kirefu. Vilikuwa vimefutwa mpaka vinang'aa. Akaenda kazini, na mimi nikatumwa sokoni. Haboba akatoka uani, akaona jamvi. Sasa nyinyi jiwekeni pale. Mwanamke mjane, kumi la mwisho la Ramadhani, anakuta mali ya marehemu mumewe imesafishwa na kupangwa juu ya jamvi. Ndivyo tunavyopanga nguo za mtu aliyekufa ili zigawiwe sadaka, shati hapa, kanzu pale, viatu mwisho. Haboba alijua moja kwa moja kwamba mwanawe amekata tamaa, amepanga vitu vya baba yake vigawiwe, na amekosa tu uso wa kumwambia. Alilia kidogo, akapiga dua, akaita majirani.

Tuliporudi, jamvi lilikuwa jeupe.

Tangi lilikwenda kwa Nalongo, mama wa mapacha wa nyumba ya pili, aliyeuza mafuta ya taa kwa kikombe. Kabureta alipewa mwalimu wa madrasa, akaitumia kugandamiza karatasi zake zisipeperuke. Cheni ilimfunga mbuzi wa Mzee Kyeyune. Kiti kirefu kilikuwa kwa kinyozi, wateja wameshakikalia. Baba aliketi palepale chini, akashika kichwa. Haboba alipoelewa alichokifanya, rangi ilimtoka. Lakini wote wawili walijua sheria: sadaka ikishatoka mkononi haiulizwi. Ukimfuata mtu umwambie nirudishie sadaka yangu, bora ujifukie mwenyewe. Zilikuwa zimebaki siku nne, na Baba hakufungua mdomo hata wakati wa kufuturu.

Mimi ndiye niliyefungua. Wakubwa walikatazwa kuomba, nikajiambia, lakini mtoto hajakatazwa kupiga soga. Asubuhi nikaenda kwa Nalongo, nikasimama mlangoni.

"Nalongo, babu hajakusumbua?"

"Babu yupi, mwanangu?"

"Babu yangu, yule polisi. Tangu tangi lake litoke nyumbani anazunguka kulitafuta. Jana kasimama mlangoni kwa watu, kavaa kofia yake, anadai leseni."

"Kitalo! Msiba gani huu!" Nalongo akashika kifua. "Leseni ya nini?"

"Sijui. Nasikia ya mafuta ya taa."

Nalongo alikuwa hajawahi kuona leseni tangu azaliwe. Kwa Mzee Kyeyune nilisema marehemu ameapa mbuzi yeyote aliyefungwa kwa cheni ya polisi ni mahabusu, na mahabusu hupelekwa kituoni. Kwa kinyozi sikumbuki nilisema nini, ila wembe ulimdondoka na mteja akaondoka na nywele upande mmoja. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini siku ile yangu ilikuwa pana, ina lami.

Kwa mwalimu ndiko nilikogonga mwamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama juu ya miwani. "Zamzamu, umefunga?"

"Nimefunga, Mwalimu."

"Basi funga na mdomo. Maiti hatembei." Akainua kabureta, karatasi zikaruka chumba kizima. "Sadaka ya bibi yako nimeshaipokea, na Mungu ameshaiandika. Hii sasa ni mali yangu, na mimi nakupa wewe, zawadi ya Idd. Ungeniambia ukweli ningekupa vilevile."

Nilitoka pale masikio yanawaka. Lakini maneno yangu yalikuwa yameshanitangulia, na maneno hayana breki. Jioni, muda mfupi kabla ya adhana, ua wetu ulijaa. Nalongo kaleta tangi, ndani yake bado mafuta ya taa. Mzee Kyeyune kaja na cheni, na mbuzi nyuma yake. Kinyozi kabeba kiti kirefu kichwani. Na hofu ilivyo, walikuja na ambao hawakupewa kitu: huyu gurudumu la cherehani, yule kengele ya baiskeli, mwingine fito za mwavuli. Hakuna aliyetaka kulala na chuma asichojua kilikotoka.

Nilikuwa karibu kuruka kwa furaha. Halafu nikamsikia Nalongo akimwambia Haboba, "Pole, mama. Mzee katufikia. Kavaa kofia yake." Nilitazamia Haboba acheke. Hakucheka. Adhana ikaita, watu wakaondoka kwenda kufuturu, na kikombe chake cha maji kikabaki mkononi hajakigusa.

"Miaka yote hii namwombea," alisema, wala hakuwa akisema nami. "Kwa Nalongo kafika. Kwa mwenye mbuzi kafika. Kwangu mimi kasahau njia?"

Sijawahi kupigwa na mtu vile, na hakuninyanyulia hata kidole. Nilipiga magoti mbele yake, nikasema yote. Ni mimi, Haboba. Hakuna aliyekuja. Leseni ni mimi, mahabusu ni mimi. Nikangojea fimbo.

"Hata kofia?"

"Hata kofia."

Akakizungusha kikombe mkononi. "Uliiinamisha upande gani?"

Sikuwa nimeiinamisha upande wowote. "Kushoto," nikasema.

"Alikuwa akiiinamisha kulia." Akanywa maji yake mafunda matatu, akaweka kikombe chini, akavuta pembe ya gurbaba yake, lile vazi la kujifunga la bibi zetu, akafuta macho. "Haya. Anza upya. Na safari hii aje kwangu. Kofia iwe kulia."

Nikaanza. Nilimleta babu kutoka langoni, buti zinalia, nikamkalisha pale jamvini, nikamwambia azungumze. Alichosema sitakitoa hapa wala sijakisema popote, ni cha mwenyewe. Haboba alicheka mara mbili, akalia mara moja. Halafu akanihukumu: baada ya Idd nifunge siku sita, na kila siku nimpelekee Nalongo maji.

Asubuhi ya Idd, watu wametoka msikitini na kanzu zao nyeupe, Baba alimtoa Sajini guniani, viungo vyote vimeshafungwa mahali pake. Alipiga kiki mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Nje ya lango muuza vyuma chakavu alikuwa ameshafika, kakaa juu ya mkokoteni wake anatafuna sambusa tuliyompa sisi wenyewe. Mara ya saba Sajini alikohoa moshi wa mafuta ya taa uliofunika kilima chote, nasikia mpaka Makindye walidhani mvua. Halafu akanguruma. Baba akalala juu ya tangi kama yule wa pichani, akatoka langoni peke yake, bila mke, bila mama, bila sinia, bila mimi. Nilisimama nikasikiliza akizunguka kilima, sauti inapotea, inarudi. Ilikuwa inaniuma na nilikuwa nacheka. Sikujua kabla ya hapo kwamba baba yangu naye anaweza kuwa mwepesi.

Aliporudi, Haboba alikuwa amesimama langoni na nguo ya Idd. Akagonga kile kinundu cha bati. "Hiki ni cha nini?"

"Cha urembo tu, Mama."

"Basi ni mahali pangu." Akakaa upande, kawa la rangi saba mapajani, wakaenda Makindye. Nasikia kuku aliwaona akakimbia.

Haboba na Baba wameshakufa, nguo zao tumeshagawa sadaka, kwenye jamvi, kwa safu. Sajini yupo kwa ndugu yangu Kawempe, hatembei. Siku hizi vijana wa Kampala wanatengeneza pikipiki za namna ile kuzidi pichani. Rangi zinatoka kwenye mtungi, viti vinashonwa kwa ngozi, na wanapita mbele ya kibanda changu cha maandazi wamelala juu ya tangi, masikioni wamechomeka vidude vya muziki. Wanapendeza, sisemi uongo kwa hilo. Ila naona wakitoa kitu wanatupa, na wakikosa kitu wanaagiza kwa simu, kinaletwa na mtu wasiyemjua jina. Hakuna jirani anayeletewa, hakuna jirani anayerudisha.

Wakisimama kunywa chai nawakalisha kwenye kiti kirefu, kile kile, nimekitundika juu ya matofali. Wananiomba hadithi ya babu, nami nawapa. Kila mwaka mbuzi wanaongezeka, sasa ni kumi na wawili na wote wamefungwa pingu. Moshi umefika Entebbe. Naongeza ninavyotaka, maji kwenye mchuzi. Kofia tu ndiyo siigusi. Imeinama kulia.